Mwenye Programu ya Masinia

Programu ya vyombo vya mtaa ilitungwa na Mwalimu. Naanza na hilo kwa sababu wako watu wengi wanaoamini kuwa niliitunga mimi, na hawakosi sababu. Walikuwapo ukumbini siku nilipoulizwa, na waliniona nikinyamaza.

Sisi wanafunzi wake tulimwita Mwalimu tu. Hata Bohora, yule mzee wa Kihindi aliyeuza misumari na rangi katika duka la chini alimwita hivyo, ingawa alimzidi umri na hakuwahi kusoma kwake. Mteja akiuliza kelele za juu ni za nini, mzee yule hujibu, "Mwalimu anafundisha," kama mtu anayesema mvua inanyesha.

Darasa lilikuwa Kibokoni, Mombasa, ghorofa ya kwanza, chumba kimoja chenye madirisha mawili yaliyotazama ukuta wa jirani. Yeye na mumewe walikaa ghorofa ya juu yake. Kompyuta zilikuwa sita, zote kuukuu, zimetoka katika ofisi moja iliyokuwa ikihama. Walizipandisha ngazi wenyewe, mke na mume, moja kila siku kwa siku sita, kwa sababu Mwalimu hakutaka wapagazi waziguse. Kila moja aliifumia kitambaa cheupe cha kuifunika, kama watu walivyokuwa wakifunika redio zao zamani. Mama Zuwena, mwanafunzi mwenzangu aliyenizidi umri mara mbili, alisema siku ya kwanza alidhani ameingia chumba cha maiti.

"Sita, wamelala, wamefunikwa nyeupe," alisema. "Nikatafuta ubani."

"Wakiamka hao maiti," Mwalimu alimjibu, "watakuuliza jana umesoma nini."

Mimi nililetwa na mamangu. Nilikuwa nimemaliza darasa la nane na kukaa nyumbani miaka miwili, nikimsaidia kumenya viazi vya karai ambavyo aliviuza Tononoka, karibu na uwanja. Mama alinisukuma kidogo mbele na kusema, "Mwanangu huyu ni mwema, lakini hasemi."

Mwalimu alinitazama, kisha akatazama mashine ya pembeni.

"Na hiyo haisemi," alisema. "Watapatana."

Mafundisho yake hayakufanana na ya mahali pengine. Mwezi wa kwanza mzima hatukuruhusiwa kuona vidole vyetu. Kila mmoja alikuja na leso, akaifunga pembe mbili shingoni na kuitandaza juu ya kibodi, mikono ikafanya kazi chini yake kama watoto waliojificha. Macho yalibaki kwenye skrini. Mwalimu alipita nyuma yetu na kutaja herufi, nasi tukaziitikia kwa sauti ya chuoni, kama wasomao Juzuu. Watu waliopita chini walidhani pale pana madrasa, na mama mmoja alipanda ngazi na mwanawe wa miaka mitano akitaka kumwandikisha. Mwalimu alimketisha mtoto, akampa chai, akamtajia herufi kumi, kisha akamwambia mama yake amrudishe akishafika kibodi bila kusimama.

Stima ikipotea hakutufungua. Alisema mkono haujui kama pana stima au hapana. Tulipiga vibodi vilivyokufa, naye akasikiliza tu, na kwa sauti ya vibonye alijua nani amekosea. Sijui alijuaje. Mama Zuwena alisema hajui chochote, anabahatisha, na kwa vile sisi sote tulikuwa tukikosea, hangeweza kukosa.

Alifundisha kompyuta lakini maisha yake yote yalikuwa kwenye madaftari. Simu yake ilikuwa mulika-mwizi, ile ndogo yenye tochi, imefungwa mpira wa jikoni kuzuia betri isianguke. Alipotunga programu aliiandika kwanza kwa penseli, mstari kwa mstari, akafuta, akaandika tena, na hakuruhusu mtu kuandika kwenye mashine jambo ambalo hakuliandika kwanza kwa mkono. Nilipomuuliza sababu, moja ya mara chache nilizomuuliza kitu, alisema mashine inakubali upesi mno. "Ukiiambia upuuzi itautekeleza. Karatasi angalau inakutazama."

Hakupenda kusifiwa. Ukimsifu alikutuma dukani. Lakini kwa jambo moja alikuwa na majivuno ya wazi, nalo ni wepesi wa kupiga chapa. Siku moja alikuja karani wa malori kutoka Makupa, jasho linamtoka, akitaka barua ya haraka. Alimkuta mwanamke amevaa dera, anakunywa chai, akageuza macho chumba kizima.

"Fundi yuko wapi? Nina haraka mimi. Gari langu limeziba njia kule, askari ananitafuta."

"Sema maneno ya barua," Mwalimu alimwambia.

Yule bwana akasema, huku akitazama mlangoni kungoja fundi. Alipomaliza, Mwalimu alimpa karatasi. Barua yote ilikuwamo, haina kosa, na juu yake, kabla ya anwani, palikuwa na mstari uliosema: Fundi yuko wapi? Nina haraka mimi. Gari langu limeziba njia kule, askari ananitafuta. Karani aliisoma mara mbili. Kisha akacheka mpaka akaketi, gari na askari wakasahauliwa. Mwalimu alimchapia nyingine iliyo safi. Ile ya kwanza alibaki nayo, na nilipata kuiona mara kadhaa ndani ya daftari lake, imekunjwa vizuri.

Hakuwa mtu wa haki kila siku. Alimfukuza msichana mmoja wiki nzima kwa kumcheka mwenzake, na wiki hiyohiyo yeye mwenyewe alimcheka Mama Zuwena mpaka machozi. Kazi nzuri aliisifu kwa maneno mawili, "Si mbaya," na kazi mbaya kwa maneno mengi. Aliwabana zaidi wale aliowapenda. Mimi alinirudishia programu yangu ya kwanza mara tisa. Mara ya kumi aliichukua, akaiweka kwenye kabati, na hakuniambia kama imepita.

Mumewe alikuwa kinyume chake. Alistaafu kazi ya ghala Mbaraki, na tangu hapo kazi yake ilikuwa kuketi kwenye kiti chini ya ngazi na kuwajua walioingia na kutoka. Saa kumi jioni alituletea birika la chai na mahamri, akabisha mlango uliokuwa wazi, akasubiri aambiwe karibu. Hakuwahi kuingia bila kuambiwa. Mwalimu naye hakuwahi kumwambia karibu kabla ya kumaliza sentensi aliyokuwa nayo. Bwana yule alisimama pale na birika la moto, anatabasamu, mpaka sentensi iishe.

Sasa niseme habari za masinia.

Wanawake wa mtaa wetu wana vyombo vya pamoja: masinia, mabirika makubwa, mikeka, na masufuria yanayoitwa kwa kiasi cha mchele yanaoubeba, la kilo ishirini, la kilo hamsini. Vimetiwa alama ya rangi nyekundu. Mwenye arusi, hitima au maulidi huazima, akimaliza hurudisha. Mwaka mmoja sufuria la kilo hamsini halikuonekana siku ambayo pana hitima nyumba moja na arusi nyumba ya pili. Maneno yalisemwa. Watu wawili waliacha kuamkiana. Sufuria lilipatikana baada ya wiki juu ya dari ya mtu aliyekuwa amesahau kabisa kuwa analo, tena ndiye aliyekuwa amesema maneno mengi kuliko wote.

Mwalimu hakuingia katika ugomvi. Alinunua daftari jipya. Kwa muda wa miezi miwili tulimwona akiandika na kufuta, na mwishowe alituita kuona. Programu ilikuwa na safu chache. Chombo. Aliyekiazima. Shughuli. Siku kilipotoka. Na ya mwisho: Kilirudi na nini.

Kwetu chombo cha watu hakirudishwi kitupu. Ukiletewa chakula kwenye sahani, sahani inarudi na kitu, hata kama ni ndimu mbili. Vyombo vya mtaa navyo ni hivyohivyo. Kwa hiyo Mwalimu aliipanga programu ijue kuwa safu ile ikijazwa, chombo kimefika nyumbani. Ikiwa tupu, bado kiko kwa watu. Mama Zuwena ndiye aliyepewa kazi ya kuijaza, na ukiifungua leo utasoma: sinia la saba, ndimu kumi. Mkeka wa tatu, kipande cha sabuni. Birika kubwa, kaimati. Pamoja na sinia la pili ameandika: dua, maana mwenyewe hana kitu. Tangu wakati huo hakuna chombo kilichopotea, na wale wawili wanaamkiana, ingawa si kwa furaha.

Msimamizi wa kongamano moja la wanawake wanaofanya kazi za kompyuta alikuja mtaani kwa shughuli zake nyingine. Ni Mgiriama, amesomea Nairobi, akarudi pwani kufanya kazi. Mtu alimpeleka dukani kwa Bohora kununua kufuli, akasikia vibonye juu, akapanda. Alikuta Mama Zuwena peke yake, akaonyeshwa masinia, akaondoka upesi bila kuuliza mtungaji ni nani. Baada ya mwezi ikaja barua: mtungaji wa programu hii anaalikwa kuja kuieleza mbele ya wenzake, robo saa, na maswali.

Mwalimu aliisoma barua ile akiwa amesimama, akaikunja, akaendelea na somo. Siku ya pili alikuja na viatu vipya ndani ya mfuko na kuvivaa darasani, kuvizoeza mguu. Aliandika hotuba kwa penseli. Alitusomea, akakata nusu, akatusomea tena. Mimi alinikalisha nyuma kabisa niinue mkono nisiposikia. Sikuinua hata mara moja, na hilo lilimuudhi.

"Wasikia kweli, au waona haya kuinua mkono?"

"Nasikia, Mwalimu."

Kisha akauliza jambo ambalo hakuna aliyetarajia kulisikia kwake. "Hao wenye digrii, watacheka?"

"Wakicheka nitawafunika leso," Mama Zuwena alisema.

Mwalimu alifundisha wanawake miaka kumi na miwili katika chumba kile. Hakuwa na cheti hata kimoja cha kompyuta. Alijifunza katika vitabu alivyonunua vichakavu, na kwa kufungua mashine zilizoharibika. Hakuna mwenye kazi kama yake aliyewahi kumwita mwenzake. Robo saa ile ndiyo ingekuwa mara ya kwanza.

Mumewe alifariki wiki tatu kabla, Jumanne asubuhi, kwenye kiti chake chini ya ngazi. Bohora ndiye aliyemwona kwanza, na alifunga duka siku tatu.

Mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi. Hatoki ila kwa dharura, hajipambi, hajitii manukato, hajionyeshi kwa wanaume wasio maharimu wake, wale wanaoweza kumwoa. Hayo hayakuhitaji kusemwa. Hitima ilipokwisha, alituita mimi na Mama Zuwena. Tulimkuta chumba cha ndani, ameketi kwenye godoro, na wifi yake yuko pembeni akichambua mchele.

"Pole na makiwa, Mwalimu."

"Nimepoa."

Alinigeukia. "Utakwenda wewe."

Nilitikisa kichwa.

"Mimi nitakwenda," Mama Zuwena alisema. "Mimi nina mdomo."

"Ndiyo maana huendi. Utawasimulia mtaa mzima, robo saa iishe hujafika kwenye masinia. Huyu atasoma nilichoandika, basi."

Mama Zuwena hakukata tamaa. Alisema siku hizi mtu anaweza kuzungumza na mkutano akiwa nyumbani kwake, kwa simu, watu wakamwona ukutani. Mwalimu hatakuwa ametoka. Atakuwa ndani, ila ndani ya simu.

Wifi aliacha mchele. "Mjane wa juzi, kwenye ukuta mkubwa kama sinema? Na hao wanaoendesha mitambo, ni wanawake?"

Hatukujua. Ilikuja kuonekana baadaye kuwa walikuwa vijana wawili wa kiume.

"Yaacheni hayo," Mwalimu alisema. "Na jina langu lisitajwe. Sitaki watu watoke huko wakisema marehemu hajakauka kaburini na mkewe anapigiwa makofi. Nikitoka eda nitajitaja mwenyewe."

Niliuliza, polepole, "Wakiuliza ni ya nani?"

"Sema ni ya darasa. Yatosha."

Alinipa daftari. Viatu vipya vilikuwa bado ndani ya mfuko wao nyuma ya mlango.

Kongamano lilifanyika katika ukumbi wa hoteli, hapohapo kisiwani. Kulikuwa na baridi ya mashine ndani, na wanawake wengi kuliko nilivyowahi kuwaona mahali pamoja pasipo arusi. Wengine walivaa suti, wengine mabuibui, wengine vitenge, wawili walikuwa na watoto mgongoni. Kila mtu alining'iniza kadi ya jina shingoni. Walizungumza Kiswahili na Kizungu, wakibadilisha katikati bila kusimama. Mama Zuwena alifika foleni ya chai kabla ya kufika kwenye kiti, na alirudi na marafiki wanne.

Niliitwa baada ya mwanamke aliyeeleza kuhusu mitambo ya hospitali. Nilisoma daftari la Mwalimu nikiwa sijainua macho. Sauti yangu ilikuwa ndogo na kipaza sauti kikaikuza, kwa hiyo ilitoka kubwa na inatetemeka. Kisha ilibidi niwaonyeshe programu yenyewe. Vidole vilikuwa wazi, watu mia na zaidi wanavitazama, na nilikuwa sikumbuki herufi moja ilipo. Nilivua mtandio wa mabegani, nikautandaza juu ya mikono na kibodi. Herufi zikaja. Niliandika sinia la saba, na ukutani kukatokea maandishi makubwa: Kilirudi na nini: ndimu kumi.

Watu walicheka. Hawakumcheka mtu. Walicheka kama watu waliokumbuka sahani za mama zao.

Mwanamke mmoja mwenye miwani akauliza. "Naona siku ya kutoka. Siioni siku ya kurudi. Mtu akikaa na sufuria miezi sita, programu itamjuaje?"

Daftari halikuwa na jibu la swali hilo. Nikasema, "Kwetu ukimpa mtu tarehe ya kurudisha chombo, umemwambia humwamini. Kikikawia, mtu hupita kumjulia hali. Huenda ana mgonjwa."

Makofi yalikuwa marefu. Nilisimama ndani yake bila kujua pa kuweka mikono. Msimamizi alipanda jukwaani, akanishika bega, akauliza kwenye kipaza sauti, "Na haya yote umeyatunga wewe, mdogo wangu? Kwa masomo ya darasa la nane?"

Nilikuwa na maneno mawili ya kusema: ya darasa. Nilifungua mdomo. Hayakutoka. Nilitazama sakafu.

"Jamani, ana haya," msimamizi alisema, na makofi yakaanza upya.

Nilishuka. Nikapigwa picha. Njiani kurudi, Mama Zuwena alitembea muda mrefu bila kusema, jambo ambalo si la kawaida yake.

"Maneno mawili, mwanangu," alisema tulipofika Kibokoni. "Maneno mawili."

"Utamwambia?"

"Mdomo ninao, lakini kumwambia ni juu yako."

Nilimpelekea Mwalimu daftari siku ileile. Aliuliza kama nilisikika. Nilisema nilisikika. Hakuuliza zaidi, na mimi sikuzidisha. Baada ya hapo nilikwenda kumwona mara moja kwa wiki, kisha mara moja kwa wiki mbili, kila mara pamoja na watu wengine ili pasiwe na nafasi ya mazungumzo.

Mwezi wa tatu baada ya kongamano msimamizi alinipigia simu. Kulikuwa na mafunzo ya kutunga programu, miezi sita, huko Mbaraki, nafasi ni chache, na wameamua kunipa moja kwa sababu ya programu ya vyombo. Nilimwambia nitafikiri. Alipiga tena wiki iliyofuata. Nilimwambia mama anaumwa, na mama alikuwa hapo pembeni anakaanga viazi. Mara ya tatu alisema majina yanafungwa Ijumaa.

Mwalimu alitoka eda Jumatano. Alhamisi jioni nilikwenda peke yangu.

Alikuwa darasani. Alikuwa amekonda, na amevaa dera la rangi kwa mara ya kwanza tangu msiba. Alikuwa anafuta vumbi.

"Masalkheri, Mwalimu."

"Akheri. Kaa. Umeadimika."

Nilikaa. Nilimweleza yote nikiwa nimetazama mikono yangu: swali la msimamizi, sakafu, makofi, picha, Mbaraki. Nilisema sijawajibu. Ilinichukua muda, na hakunikatiza hata mara moja.

"Makofi yalikuwa marefu?" aliuliza mwishoni.

"Marefu."

"Ya kwanza au ya pili?"

"Ya kwanza. Baada ya swali la tarehe."

Aliacha kufuta. "Swali gani la tarehe?"

Nilimwambia swali la mwanamke mwenye miwani, na jibu langu, neno kwa neno. Mwalimu alinitazama kwa muda, kisha akatazama dirishani, kwenye ule ukuta wa jirani. Nilidhani amekasirika.

"Mpigie huyo msimamizi," alisema.

Nilipiga. Msimamizi alipokea upesi, akadhani nimekubali. Nilimwambia programu si yangu. Ni ya mwalimu wangu. Mimi niliisoma tu.

"Kwa nini hukusema siku ile?"

"Alikuwa eda," nilisema. Halafu, kwa kuwa hilo lilikuwa nusu ya ukweli, nikaongeza, "Aliniambia nisimtaje jina, niseme ni ya darasa. Sikusema hata hilo. Niliona haya, kisha nikaona raha."

Msimamizi si Mwislamu, lakini amekulia Mombasa, na eda hakuhitaji kuelezwa. Alisema ya nafasi yangu tutayazungumza, hawezi kuniahidi kitu sasa. Kisha akauliza kama mwenyewe yupo karibu.

Nilimpa Mwalimu simu. Aliipokea kwa mikono miwili, akatengeneza mtandio kichwani, akasimama.

"Masalkheri, mwanangu. Naam. Ndiye mimi." Alitaja jina lake, la baba yake na la babu yake, bila haraka, akisubiri kila moja liandikwe. "Ahsante. Nimepoa. La, msimlaumu sana, nilimtwika mzigo usio wake. Lakini kuna jambo nataka mlirekebishe, la ile tarehe ya kurudi. Aliwaambia ni desturi. Jibu zuri, na mlimpigia makofi, nimesikia."

Alinitazama, kisha akanipa mgongo.

"Si desturi. Niliisahau. Nilikaa miezi miwili na daftari lile na haikunijia hata mara moja kuwa pana haja ya tarehe, na nilipoigundua, watu wameshaanza kuitumia, niliona haya kuitia. Kosa hilo ni langu. Lisije likaandikwa la mtoto."